Breki za Marselino

“Rangi umelipa. Redio umelipa. Fundi viti umemlipa mpaka nauli ya kurudi Mbeya. Ikifika zamu ya breki, tajiri, unaniambia Mungu atanilipa. Kwani Mungu ndiye atakayepanda hilo gari?”

Marselino alisema hayo akiwa amesimama na spana mbele ya gari refu la Kimarekani. Mwenye gari, Mahmud, alikuwa ameegemea mlango uliong'aa rangi mpya, wala hakukasirika. Wafanyabiashara hawakasiriki mapema, ni hasara.

“Fundi, rangi inaonekana,” alisema. “Breki anaiona nani?”

“Atakayeikosa.”

Nilikuwepo. Nauza chai na maandazi nje ya gereji hiyo hapa Kizwite, na maneno ya watu hunifikia kabla ya hela zao.

Gari lenyewe ni la miaka ya sitini, pana kama kitanda cha wageni. Marehemu mzee Lukmani, baba yake Mahmud, alilinunua Zambia, likavuka mpaka likivutwa na trekta. Likakaa chini ya turubai miaka na miaka, kuku wakitagia kiti cha nyuma, hadi Mahmud alipogundua kuwa siku hizi watu wa Sumbawanga wako tayari kukopa ili bibi harusi afike kanisani ndani ya kitu kirefu. Akawafukuza kuku.

Likisimama lilikuwa zuri. Likitembea lilikuwa balaa. Spring zake laini, kona kidogo tu linalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Breki zilikuwa za dramu magurudumu yote manne, zilizotengenezwa kwa barabara za kwao zilizonyooka. Sisi huku tunaishi juu. Ukitoka kwenye uwanda huu, uende bonde la Rukwa au uende ziwani Kabwe, unateremka. Dramu zikishapata moto, pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea na mambo yake.

Marselino hakujifunza hilo kitabuni. Alizaliwa Mwimbi, kwa watu wa mahindi na ulezi, na ujana wake aliumaliza kama utingo wa malori ya mahindi. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na gogo. Lori likishindwa kushika mteremkoni, yeye anaruka, anakimbia sambamba na tairi, analisukumia gogo chini yake. Siku moja gogo lilikwenda na vidole vyake viwili. Tajiri wa lori alimpa pole na debe la mahindi. Tangu hapo Marselino akawa mtu wa breki tu. Ukimletea injini ataitengeneza, lakini kwanza atakuuliza, “Inasimama?” Wateja wengine walimwona mkorofi wakahamia kwa mafundi wanaouliza, “Inakimbia?”

Basi siku ile Mahmud alifikiri kidogo, akasema, “Spea nitanunua. Hela ya ufundi sina, rangi imeimaliza. Ila wewe una binti. Siku ya harusi yake gari hili ni lake kutwa nzima. Mafuta yangu, dereva wangu, maua yangu. Ahadi ni deni, fundi, na mimi ni Mwislamu.”

Nilijua Marselino amenaswa. Binti yake, Zita, ndiye mtoto wake wa pekee, na shuleni watoto walimwita Grisi kwa sababu sare yake ilinuka gereji. Jina lile lilimfuata mpaka alipoota matiti. Baba yake alilijua, na hakuna spana ya kulifungulia. Lakini binti anayeshuka mlangoni mwa kanisa kutoka kwenye gari lile, nani angemwita Grisi tena?

“Lete spea,” alisema.

Alifanya kazi ile muda mrefu kuliko mtu anavyojenga nyumba. Alitoa dramu za mbele, akaweka diski za Land Cruiser iliyopinduka, pamoja na vyuma vyake vya kuzibana. Havikuingia, bila shaka. Mmarekani na Mjapani hawakuwahi kukaa meza moja. Akamchongesha fundi mkereza vyuma vipande vya kuviunganisha, akavikataa, akamchongesha vingine, mpaka wakaacha kusalimiana. Akang'oa mastasilinda ya zamani, ile pampu inayosukuma oili ya breki, iliyokuwa na chumba kimoja, akaweka ya vyumba viwili. Alinieleza akinywa chai: ile ya zamani, bomba moja likipasuka breki zote zinakufa, hii mpya, za mbele zikifa za nyuma zinabaki. “Kama ndoa za Waislamu,” akasema, na Mahmud aliyekuwa karibu akacheka mpaka chai ikamwagika.

Halafu akabadilisha spring na shokapu, akafunga chini ya gari chuma cha kuzuia kulala, alichokitoa kwenye Coaster. Alipomaliza alipakia magunia sita ya mahindi kwenye viti.

“Hao nani?” nikamuuliza.

“Mashangazi wa bibi harusi.”

Akaenda nao mteremkoni, akarudi anatabasamu. Gari lilikata kona limesimama wima, likikanyagwa breki linatulia palepale, na hakuna shangazi aliyeanguka.

Mahmud alitengeneza hela. Kila Jumamosi gari lilikuwa kanisani, msikitini, ukumbini. Marselino hakudai senti. Alikuwa akilitazama likipita kama mtu anayemtazama ng'ombe wake malishoni.

Zita akachumbiwa. Mume, Flavian, mfanyabiashara wa samaki huko Kabwe, mtu wa simu mbili na viatu vya kuchongoka. Tarehe ikapangwa, Mahmud akaambiwa, akasema hewala. Siku mbili kabla ya harusi akaja gerejini ameshika mikono yake kama mtu anayetoka msibani.

“Fundi, nimepata ugeni mzito. Mkandarasi mmoja anaoa siku hiyohiyo, na sherehe ni bondeni. Ametoa hela ambayo siwezi kuikataa. Zita nitampa pikapu. Mpya.”

“Pikapu,” alisema Marselino.

“Nitaipamba.”

“Tajiri, mimi sikukupa breki za pikapu.”

“Nitakulipa ufundi basi, hela taslimu.”

“Ulisema huna hela ya ufundi, nikakubali. Leo unayo, na mimi siitaki.” Akarudi chini ya lori alilokuwa akitengeneza. Mahmud aliongea na miguu ya fundi iliyochomoza kwa muda, kisha akaondoka.

Mama Zita, Salome, alitaka kwenda kumtukana Mahmud dukani kwake mbele ya wateja. Ningemsindikiza. Marselino alitukataza. Zita mwenyewe alisema, “Baba, pikapu inatosha,” na alivyosema hivyo ilikuwa afadhali angelia.

Asubuhi ya harusi, Marselino amevaa suti ya kuazima, watu wamejaa uani, pikapu ina maua, likaingia lile gari refu. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani Mahmud amepata haya. Akashuka dereva, Mathias, peke yake, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Sumbawanga.

“Shikamoo fundi. Pedali inazama.”

“Umeweka nini?”

Mathias akatazama chini. “Oili ya breki ilipungua jana. Nikaongezea maji ya sabuni kidogo, kama tunavyofanya kwenye malori.”

Madereva wetu wanajua hila hiyo. Inakufikisha nyumbani kwenye tambarare. Kwenye mteremko maji yanachemka ndani ya mabomba, na mvuke hausukumi breki.

“Mnateremka bondeni saa ngapi?”

“Wakitoka tu kufunga ndoa.”

Salome alisimama katikati yao. “Baba Zita, kengele ya kwanza imeshalia. Mwache aende. Tajiri wake hakukujali.”

“Tajiri wake hatakuwa ndani ya gari,” alisema Marselino. Akavua koti, akavua shati, akavitundika mlangoni.

“Na mwanao je?”

“Tangulieni. Nakuja.”

Kutoa maji kwenye breki si kazi ya kuharakisha. Unamwaga yote, unajaza oili mpya, mmoja yuko chini anafungua, mwingine yuko juu anakanyaga, gurudumu baada ya gurudumu mpaka upepo uishe. Niliwaacha pale, yeye mgongo chini kwenye kipande cha boksi, akimwambia Mathias, “Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga.” Mimi nilipanda pikapu na bibi harusi. Zita aligeuka kutazama nyuma mara moja tu.

Kanisani tulisubiri mlangoni. Padri alikuwa na ndoa nyingine inayofuata. Mwishowe mjomba Modesti akamshika Zita mkono, wakaingia. Marselino alifika wakati wa sadaka, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Kola ya shati ilikuwa na oili. Ndugu wa Flavian walinong'onezana, na mmoja akaziba pua, mwanamke mwenyewe ananuka dagaa.

Yule mkandarasi aliteremka bondeni akarudi salama. Hakujua lolote. Breki nzuri ndivyo ilivyo, hakuna anayekuja kukushukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Mahmud alijua, kwani Mathias alimweleza. Hakuja.

Ndoa ya Zita ilidumu mpaka Flavian alipopata mwanamke mwingine Kigoma. Akamleta yule nyumbani, akamhamishia Zita jikoni. Kisha hata jikoni pakawa padogo, akahamia chumba cha kupanga. Zita alimpigia baba yake simu, akamwambia ana mtoto na godoro na cherehani, na mwenye nyumba anataka chumba. Marselino alikuwa hana nauli ya kumleta wala uso wa kumpokea. Hapa kwetu binti akirudi, watu hawamuulizi mume alifanya nini, wanauliza mahari itarudishwaje. Alikuwa akija kunywa chai, hanywi.

Ndipo Mahmud akapata nafasi ya kwenda Hija. Mwenye kwenda Makka anatakiwa kwanza amalize madeni ya watu na kuwaomba radhi, basi Mahmud akazunguka mji mzima amevaa kanzu. Wengi walimsamehe haraka, maana bado walihitaji kukopa dukani kwake. Gerejini alifika mwisho, na bahasha.

“Fundi, nimekuja kwa lile deni letu. Pokea, au nisamehe.”

“Hiyo ni hela.”

“Ndiyo.”

“Mimi sikudai hela. Nadai gari, kutwa nzima, dereva wako, mafuta yako. Maua nakusamehe.”

“Lakini harusi ilishapita, fundi.”

“Harusi imepita, binti yupo. Yuko Kabwe. Kamlete.”

Mahmud alimtazama, akanitazama na mimi, mimi nikatazama sufuria. Kisha akairudisha bahasha mfukoni. Mathias alikuwa ameshahamia Mpanda, kwa hiyo alikwenda mwenyewe, tajiri mzima, kuuteremka mlima ule na kuupanda.

Walirudi kesho yake jioni. Gari lilikuwa limeoshwa kabla ya kuingia mjini. Lilipokata kona kuingia mtaani, wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakaona kile kitu kirefu, wakaona msichana kiti cha nyuma, wakaanza vigelegele. Hakuna aliyewaambia waache. Gari likapita katikati ya vigelegele vile polepole, miguu ya cherehani imechomoza kwenye buti, godoro limefungwa kamba juu, na Zita ametazama mbele, mtoto amelala mapajani. Salome alitoka ndani, akampokea mtoto, akampeleka ndani.

Marselino alimshika bintiye bega. Halafu akainama kwenye gurudumu la mbele, akasogeza kiganja karibu na chuma kusikia joto.

“Zimeshika?”

“Zimeshika,” alisema Mahmud. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Alisimama, hajui aondoke au akaribishwe. “Fundi, kuna ninachodaiwa tena?”

Marselino alijipangusa mkono kwenye suruali, akampa.

“Huna deni. Nenda kahiji.”