Shangazi Bado Anapiga Simu

Nilimaliza chuo na shahada yangu ya kompyuta, nikarudi Migori kukaa bure. Barua za kazi niliandika hadi nikachoka kujisifu. Mwisho nikapanga chumba Suna, nyuma ya duka la vitambaa, nikawa natengeneza simu za watu. Msomi mzima, kazi yangu kubadilisha vioo! Niliona aibu, sitaki kudanganya.

Shangazi aliyenilea alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, huko Karungu. Siku moja mvua iliwavamia yeye na wenzake, mzigo wote ukaoza. Nilipomwona akiufagia uozo ule, nilipandwa na hasira. Nikatengeneza programu ya kufuatilia hali ya anga na kuwapigia wanawake simu kabla mvua haijawafikia. Kampuni ikazaliwa hivyo, mkurugenzi mimi, mfagiaji mimi.

Shida ikawa sauti. Ile ya kompyuta walisema inaongea kama mzungu mwenye mafua, wakawa wanaikata. Basi nikamrekodi Shangazi. Alisema kwa Kijaluo, kwa ukali uleule aliokuwa akiniamshia niende shule: "Koth biro!" Mvua inakuja! Hapo wakaamini. Wanawake wa Homa Bay wakajiunga, hata wa kisiwani Mfangano, watu ambao hawakuwahi kumwona.

Halafu Shangazi akaugua kidogo tu, akafa.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali. Jeneza liko uwanjani, mchungaji anaomba, simu zikaanza kulia. Kwenye mikoba, kwenye vifua, zote kwa pamoja. Jirani yake, mama aliyeanika naye omena tangu ujana, akapokea bila kuangalia, na sauti ikatoka wazi kabisa mbele ya jeneza. "Koth biro!"

"Yawa! Jamani!" Akaitupa simu majanini.

Mimi ndiye niliyeandika ile programu yote. Nilijua ni mashine. Bado nywele zilinisimama. Kabla hatujafika kaburini mawingu yakapanda kutoka ziwani, tukamzika tukiwa tumelowa.

Wengine walisema mvua ya mazishi ni baraka. Lakini kwetu aliyekufa akikuita, huitiki. Ukiitika, umemfuata. Basi wanawake wakaacha kupokea. Simu inalia, wanaitazama tu, omena inanyeshewa. Wao wakarudi kupata hasara na mimi kampuni ikanifia mikononi.

Yule jirani akanifuata hadi Suna.

"Nyathina," akaniambia, mwanangu, "sisi tunamwogopa. Na yeye unamchosha. Mtu amezikwa, bado unamtuma?"

"Mama, nikimtoa, sauti yake nitaisikia wapi tena?"

"Hilo ni lako. Nenda kaburini umwambie apumzike. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo."

Nilikwenda mchana kweupe na shahada yangu, nikasimama mbele ya udongo nikijiona mjinga. "Shangazi, asante. Kazi imetosha." Upepo ulikuwa umetulia kabisa, lakini migomba ya nyuma ya nyumba ilitikisika, kisha ikaacha. Sikungoja kujua zaidi.

Nikamrekodi jirani, wanawake wakaanza kupokea tena, kampuni ikapumua. Namba moja tu ndiyo niliyoiachia sauti ya Shangazi: yangu. Nilimkumbuka mno, jamani. Ningefanyaje?

Juzi nilikuwa nyumbani, nguo ziko kambani, anga jeupe. Simu ikalia. Nilijua ni nini, hata mashine inayopiga naijua ilipo. Nilitamani kumsikia, na kidole kikawa tayari kimefika pa kupokelea. Kisha nikajisikia mdomo unafunguka wenyewe, kama nilivyozoea akiniita tangu utotoni, kusema, "Naam, Shangazi."

Nikaufunga kwa kiganja. Simu ikalia hadi ikanyamaza yenyewe.

Nikatoka nje, nikaanua nguo.