Hatua Hamsini Hadi Musoma

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, mmoja wao, tajiri wa mtaani kwetu, alinipa printa yake iliyokufa. Nilikuwa fundi redio. Ndani nikakuta mota ya ajabu: haizunguki mfululizo, inapiga hatua. Ukipitisha umeme kwenye waya huu, halafu ule, inasogea kidogo na kusimama kidete.

Dada yangu, mwalimu wa hesabu, alitia alama kwenye mhimili wake akahesabu.

"Hatua mia mbili, mzunguko mmoja. Nyuzi mia tatu sitini gawanya kwa mia mbili: kila hatua nyuzi moja nukta nane."

Sasa, tajiri alikuwa na televisheni. Kila alipotaka kuhama kituo cha Mwanza kwenda cha Musoma, lazima mtu akaizungushe antena kwa mkono. Mwanza magharibi, Musoma kaskazini: nyuzi tisini, yaani hatua hamsini. Nikafunga mota juu ya nguzo, nikateremsha waya hadi sebuleni kwenye swichi nne za kengele ya mlango, moja kwa kila waya wa mota.

Jumapili alasiri sebule ilijaa watu waliofuata mpira wa Musoma. Nikabonyeza, nikihesabu kwa sauti ya kanisani. Hamsini! Kwenye kioo, chenga tupu.

"Fundi, hii ndiyo Musoma?" tajiri akauliza.

"Ndiyo, mzee. Nyuzi tisini kamili."

"Basi huko mvua ya mawe inanyesha."

Nikarudisha hamsini. Mwanza nayo haikuwepo. Nje, dume la ng'ombe la tajiri lilikuwa linajikuna kwenye nguzo kwa raha zake, na kila likisugua, antena inaruka.

Dada akanitoa hadi uani, akanisimamisha nielekee Mwanza, akanifunga macho kwa kanga yake. "Geuka kidogo kidogo, hesabu." Kwenye thelathini akanisukuma bega. Nikayumba, nikaendelea hadi hamsini.

"Unatazama wapi?"

"Musoma."

Akafungua kanga. Nilikuwa natazamana na choo, na sebule nzima iko dirishani inacheka.

"Mota yako ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Inajua kuhesabu tu. Haijui kama imesukumwa."

Dume likafungwa mbali. Nikakaza bolti ya kuizuia antena upande wa Mwanza: irudi mpaka igonge, hapo ndipo sifuri, ndipo uanze kuhesabu. Safari hii Musoma ikaja safi kabisa. Mpira ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na kipindi cha palizi ya pamba. Wageni, wakulima wa pamba wote, wakainuka wakaondoka. Tajiri alikitazama hadi mwisho, mikono magotini, akaniambia palizi yao si mbaya.