Shangazi Yangu Alimwaga Moyo kwa Mtaalamu wa Nafsi, Akafanywa Kichekesho Mezani

(Msomaji huyu ametuandikia kutoka Garissa. Jina lake tunalo, nasi tutakaa nalo. – Mhariri wa ukurasa)

Mhariri, salaam aleikum. Nina miaka ishirini na minne, ni Msomali wa hapa Garissa, sijaoa, na baba yangu ni mfanyabiashara wa mbuzi. Nimesoma mpaka nikajua Kiingereza cha kutosha kumtafsiria Mzungu. Jina langu lifiche, tafadhali. Bwana ninayemwandika hapa sina wasiwasi naye, maana hasomi Kiswahili. Kwake ni lugha ya kuagizia chai.

Bwana huyo alikuja mwaka huu na lori la serikali. Alisema ni mtaalamu wa elimu ya nafsi, yaani elimu inayochunguza jinsi mtu anavyowaza na kuhuzunika, na kwamba amekuja kutazama akili za wafugaji. Akanichukua niwe mkalimani wake. Mimi elimu hiyo niliipenda tangu mwalimu wetu mmoja alipoitaja darasani, kwa hiyo nikamwuliza mtu huifikiaje. Akanieleza: cheti cha shule, kisha chuo, kisha shahada, kisha miaka ya kufanya kazi chini ya aliyekutangulia. "Ukinitumikia vizuri nitakupendekeza chuoni," akasema. Siku hiyo hiyo akanifundisha somo la kwanza la kazi: neno la mgonjwa halitoki nje ya mlango. Nililikariri kama aya.

Sasa, nina shangazi, dada wa baba. Kwetu tunamwita edo, naye huniita edo vilevile, kwani mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile. Tangu mumewe afariki, edo alikuwa hasemi. Anapika, anakamua mbuzi, anaswali, lakini hasemi. Masheikh walimsomea, akina mama wakamfukizia ubani, kimya. Nikajiambia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikampeleka mimi mwenyewe, nimemshika mkono.

Alikaa mkekani, bwana kitini, mimi katikati. Siku za kwanza alikitazama kiti tu. Kisha akafungua kinywa, na hakuniita edo. Alisema, "Turjubani, mwambie huyu." Turjubani ndiye mkalimani. Nikaelewa. Yale yalikuwa mambo ya ndoa yake, na mwanamke wa kwetu hawezi kumwambia mtoto wa kaka yake mambo hayo, ni aibu kubwa. Lakini turjubani si mtu, ni mdomo tu. Akasema, akalia, akasema tena, nami nikatafsiri macho yangu yakiwa chini. Alichosema sikiandiki hapa hata mkinibembeleza. Jioni ile alirudi nyumbani akamgombeza mbuzi aliyekula mahindi, na mama yangu akatokwa na machozi ya furaha kwa kuusikia ugomvi ule.

Jumapili moja bwana alialikwa chakula cha mchana kwa ofisa mmoja, akanituma nimpelekee mkoba wake. Nilipokaribia baraza nikasikia vicheko. Askari wa mlangoni, Mborana kutoka Wajir, alinishika bega. "Wallahi, huyu Msungu naiga mama moja analia," akaninong'oneza. "Fibaya sana. Wewe usingie."

Niliingia. Bwana alikuwa amejitandika kichwani kitambaa cha kufutia mikono, kama shashi, ule mtandio wa edo, mafuta ya kuku yanameremeta kidevuni, analia kwa sauti ya kike. Kisha akasimulia. Yote! Jambo lile lile lililopita mdomoni mwangu, kwa maneno ya Kiingereza niliyoyachagua mimi kwa hadhari ili lisimdhalilishe. Mke wa ofisa alicheka mpaka akakohoa. Niliuweka mkoba chini, nikatoka, nikatapika nyuma ya jiko.

Njiani tukirudi nikamwuliza, "Bwana, si ulisema neno la mgonjwa halitoki nje ya mlango?"

Hakuona haya hata kidogo. "Yule si mgonjwa wangu," akajibu. "Yule ni somo langu." Kisha akanipigapiga begani, akasema mwezi ujao anaondoka, anataka kunichukua, na nafasi chuoni amekwisha kuniombea.

Na kinyaa chenyewe, ndugu zangu, ni hiki: nilifurahi. Kinywa kilikuwa bado kina ladha ya matapishi, na moyo ukaruka. Nilijichukia. Mtu ana shahada zake zote na ni mchafu hivi, nami bado naitaka shahada ile ile!

Juma lililopita bwana alikwenda Wajir kwa kazi zake. Asubuhi edo akaja, akaketi mkekani.

"Edo, hayupo," nikamwambia.

"Najua. Nimeliona gari likiondoka. Weka kiti."

Nikaweka kiti kitupu. "Turjubani, mwambie," akaanza. Nami nikakigeukia kiti nikatafsiri kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa sababu nikinyamaza naye hunyamaza. Tangu hapo anakuja kila asubuhi. Jana alicheka. Yaliyotokea mezani hayajui, na sijui nitamwambiaje.

Baba alitukuta, akanivuta pembeni. "Waryaa, we kijana, bahati imekuja na lori mpaka mlangoni kwako, wewe unazungumza na kiti?"

Bwana anarudi Ijumaa na anataka jibu. Nikimfuata, nitakuwa msomi wa kwanza wa elimu ya nafsi katika ukoo wetu, na aliyenifunza ni yule. Nikibaki, mimi ni kijana asiye na karatasi yoyote, anayeongea Kiingereza na mbao. Ninyi mnaousoma ukurasa huu, nipeni neno kabla ya Ijumaa: nifuate cheti, au nibaki na kiti?