Bi Mwamini na mikoko iliyopandwa kama mihogo

Saa mbili asubuhi, maji yamekupwa na tope la Kijito cha Mbezo limeachwa wazi. Bi Mwamini Matano amejifunga kibwebwe na kukunja kanga yake mpaka magotini. Anaingia topeni bila kuangalia chini, kama mtu anayepita sebuleni kwake, huku akiwagombeza wenzake wanaomfuata.

"Msiwakanyage watoto! Piteni pembeni. Sikudhani, hivyo una miguu au una vinu?"

Wanawake wanacheka. Sikudhani, aliyezama mpaka kwenye paja, anacheka kuliko wote.

"Watoto" wanaosemwa ni miche ya mikoko, imesimama topeni safu kwa safu, kila mmoja na majani yake mawili matatu. Leo inahesabiwa. Bwana Misitu, Ponsiano, yuko njiani kutoka makao ya mkoa Kibaha, na kwa hesabu yake itajulikana kama kijiji cha Msinzini, hapa pwani ya Wilaya ya Kisarawe, kitapata nusu ya pili ya msaada wake au kitaikosa.

Msaada wenyewe umetoka kwa shirika la ng'ambo, na una masharti. Nusu ya kwanza ilitolewa ili watu wapande. Nusu ya pili hutoka pale tu ambapo walau nusu ya miche ingali hai. Isipokuwa hivyo, fedha zinakwenda kijiji kingine.

"Usiku sikulala," anasema Bi Mwamini, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaopanda.

Si posho inayomnyima usingizi, ingawa shilingi ishirini kwa siku ya kupanda si haba katika mwaka huu wa 1984, ambapo kipande cha sabuni kinatafutwa kama dawa. Kinachomnyima usingizi kiko nyuma ya ukingo wa kijito: bonde la mpunga.

Jaruba la kwanza kutoka majini ni lake, alilolilima na marehemu mumewe, Mfaume. La pili ni la binti yake, Zubeda, mama wa watoto wanne. Zamani jaruba la Bi Mwamini lilimpa magunia saba. Msimu uliopita hakupata hata debe moja. Kila bamvua, maji makubwa ya mwezi, hupasua ukingo na kuingia shambani. Udongo umeota chumvi, mweupe kama mahali palipomwagika unga. Mwaka huu weupe huo umeonekana kwenye pembe ya jaruba la Zubeda.

"Langu limekufa, nimekubali," anasema. "Lakini la mwanangu? Wale watoto watakula nini? Chumvi?"

Ukingo huo haukuwa dhaifu siku zote. Mizizi ya mikoko ilikuwa imeushika. Mikoko ikakatwa, na waliokata si wageni. Bi Mwamini mwenyewe ni mzaliwa wa Dutumi, upande wa Kibaha. Aliolewa huku Kisarawe, kwa wakulima wa mihogo wa ndani, mbali na bahari. Mwaka 1974 watu wa vitongoji vya huko ndani waliletwa na serikali kwa malori na kuunda kijiji kimoja cha pwani. Nyumba zilitakiwa zisimame haraka, na boriti zilikuwa hapo kijitoni, zimenyooka, hazina mwenyewe.

"Tulikata. Nisidanganye mbele ya Mungu," anasema. "Tulikata za kujengea, tukakata za kuchomea chokaa, wengine wakakata za kuuza. Tukaona miti ya bahari haiwezi kwisha. Kumbe!"

Basi msaada ulipofika mwaka jana, Msinzini walishangilia. Walielezwa kwamba mkoko hupandwa kwa tunda lake, lile refu jembamba lenye ncha linaloning'inia mtini. Mwelekezaji alikuja siku moja, akazungumza, akanywa maji, akaondoka. Wakabaki akina mama, rundo la matunda na majembe yao.

Hapo ndipo ilipotokea ile habari ambayo vijiji vya jirani vinaicheka mpaka leo.

Mtu wa Msinzini ukimpa kitu kirefu cha kupanda, anajua kazi yake. Amezaliwa anaona mama yake akipanda muhogo: unapiga tuta, unalaza kipando upande, unakifukia, unakisubiri. Bi Mwamini na wenzake wakapiga matuta topeni. Matuta mazuri, yamenyooka, yanapendeza macho. Wakalaza matunda ya mikoko ndani yake, wakafukia, wakayapapasa kwa viganja. Na kwa kuwa shamba ni usafi, wakapalilia, wakang'oa vile vimti vidogo vilivyokuwa vimeota vyenyewe pembeni. Vimti hivyo, jamani, ilikuwa mikoko!

"Tulipomaliza tulipiga vigelegele," anakumbuka Bi Mwamini, akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Nilisema, hata Dutumi hawajawahi kuona shamba kama hili."

Bamvua ya kwanza ikabomoa matuta. Matunda yaliyobaki chini yakaoza. Ulipofika wakati wa ukaguzi, palikuwa na kona moja tu yenye miche hai, ambayo tuta lake lilibomoka mapema na matunda yakasimama yenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Isihaka, akashauri kwamba mgeni apelekwe kwenye kona ile, aone, arudishwe haraka kijijini kula wali wa nazi. Bi Mwamini hakupinga. Anasema wazi kwamba aliogopa, na mtu mwenye hofu hukubali mengi.

Ponsiano akashuka garini, kijana mrefu mwenye viatu vilivyong'arishwa. Akasalimia, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa, "Marahaba, baba. Kwenu wapi?"

"Tabora. Mimi Mnyamwezi."

"Ala! Mtani!" akapaza sauti Bi Mwamini, maana Wazaramo wa Msinzini na Wanyamwezi ni watani tangu jadi. "Yaani kote huko wameona watuletee Mnyamwezi? Atajua nini habari ya bahari mtu ambaye kwao hata maji ya kunywa ni ya kuotea?"

"Na Mzaramo akipewa bahari," akajibu Ponsiano bila kukawia, "atailima mihogo."

Alikuwa anatania tu, hakuwa ameyaona matuta. Akina mama wakatazamana. Na mtani ni mtani: hashikwi mkono akaelekezwa njia, huenda atakako. Ponsiano akavua viatu, akaipita kona ile ya salama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mabaki ya matuta. Akainama, akafukua. Akatoa tunda limeoza.

Kila mtu akangoja agombe. Badala yake Ponsiano akajitupa chini topeni, suruali na yote, akashika kichwa.

"Uuuwi! Wazaramo wamezika watoto wangu wazima!"

Anayezijua mila za utani ataelewa. Penye msiba, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mwingine angepigwa kwavyo. Huzuia maziko, hudai alipwe, huchukua kitu cha wafiwa, na hairuhusiwi kumkasirikia. Ponsiano akalilia mikoko ile kwa sauti, akataja wasifu wake, jinsi ilivyokuwa na tabia njema. Akina mama wakavunjika mbavu. Mwishowe akasimama, matope yakimdondoka.

"Mfiwa mkuu nani?"

"Mimi," akasema Bi Mwamini.

"Basi mimi nachukua changu." Akamnyang'anya jembe lake na kulitia garini. "Tena na hayo mengine yote yakae nyumbani. Huku hapaingii jembe."

Kisha, mzaha ukiwa umewalegeza, akawaonyesha. Tunda halilazwi, husimamishwa. Ncha chini, theluthi moja ndani ya tope, kwa mkono, basi. Akasema hatapeleka taarifa ya ukaguzi kabla ya msimu mwingine kupita, ila wakishindwa mara ya pili utani hautawasaidia.

"Angekuja na ukali tungemficha mpaka leo," anasema Bi Mwamini. "Alitutukana kwa haki yake. Hatukuwa na pa kununia."

Wakaanza upya, bila jembe na bila posho, kwa kuwa posho ya nusu ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenye matuta. Kuna walioacha. Bi Mwamini alibaki, akipita nyumba kwa nyumba kuwaamsha wenzake. Bamvua mbili zilipiga ukingo, na kila mara alikwenda kuangalia. Miche mingine iling'oka. Akapanda mingine badala yake.

Leo Ponsiano anafika saa tatu, safari hii amevaa kaptula. Hana maneno mengi. Anatandaza kamba topeni, anahesabu, anasogea, anahesabu tena. Bi Mwamini amemshika Zubeda mkono kwa nguvu kiasi kwamba binti analalamika.

"Theluthi mbili hai," anasema Ponsiano, akinyoosha mgongo. "Hata zaidi kidogo. Nusu ya pili mtaipata, watani zangu."

Vigelegele vinapigwa mpaka ndege wa ng'ambo ya kijito wanaruka. Zubeda anamkumbatia mama yake, na wote wawili nusura waanguke topeni.

Lakini Ponsiano hajamaliza. Anamwita Bi Mwamini pembeni, juu ya ukingo. Mkanda huu wa mikoko ni mwembamba, anaeleza. Peke yake hautazuia bamvua kufika kwa Zubeda. Nusu ya pili inatakiwa itumike kupanda upande wa nchi kavu, na upande wa nchi kavu jaruba la kwanza ni la Bi Mwamini. Likishapandwa mikoko, mpunga haurudi hapo tena.

"Sikuja kuamuru, mama," anasema. Hamwiti mtani sasa. "Nimekuja kuuliza."

Bi Mwamini anakaa juu ya tuta la jaruba, miguu ikining'inia, anaitazama ile ardhi nyeupe. Anakaa muda mrefu hata Ndugu Isihaka anaanza kukohoa.

Alichokuwa akiwaza alikieleza baadaye. "Mwaka ule wa sabini na nne lori lilikuja asubuhi, jioni tukawa watu wa Msinzini. Hakuna aliyesema, Mwamini, wewe unaonaje? Mume wangu akalifyeka jaruba hili kwa mikono yake, tukasema haya, sasa hapa ndipo kwetu. Leo naulizwa. Nilitaka nikae kidogo na lile swali."

Kisha anainuka. Kapu lake lina matunda ya mikoko yaliyosalia, na mbegu, anasema, haingoji fedha zifike kutoka Kibaha. Anachukua moja, anateremka ndani ya jaruba.

Zubeda ameanza kulia. "Mama, hili si la baba?"

"La baba yako. Na hao unaowalisha ni wajukuu zake."

Anasema anataka kuishi aone mikoko hii ikimpita kimo, na kaa wakirudi kuchimba chini yake. Anataka pia akina mama wa vijiji vya jirani, hao hao wanaocheka, waje ajifanye mwalimu wao. Fedha zikifika atakuwa hapa kila siku maji yakikupwa.

Anainama. Anasimamisha tunda, ncha chini, analisukuma kwa kiganja mpaka theluthi yake inazama katika ardhi ya Mfaume. Analitikisa kuona kama limeshika. Limeshika. Ndipo anapomgeukia binti yake, ambaye bado anajifuta macho juu ya tuta.

"Haya, unangoja nini? Nenda kapalilie mpunga wako."