Toronto Hadi KIA, Mwendo wa Saa Kumi na Nne

Baba alikuwa amelazwa Moshi mjini, utumbo umejisokota, na daktari alikuwa ameshasema upasuaji usivuke asubuhi ile. Baba akakataa kuingia mpaka aambiwe ukweli kuhusu kaka yangu.

Kaka alikuwa njiani kutoka Toronto. Mtoto wa baba mdogo, kwa nia njema kabisa, alitafuta kwenye simu umbali kati ya uwanja wa ndege wa Toronto na KIA, uwanja wetu wa huku, akamsomea baba: kilomita elfu kumi na mbili na ushee, mwendo wa saa kumi na nne. Baba akahesabu. Saa hizo zikapita, usiku nao ukapita, kaka hajatokea na simu yake haipatikani. Baba akaamua kwamba ndege imeanguka na sisi tunamficha.

Ugumu ulikuwa hapo. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Bibi alipofariki, shangazi akiwa amelazwa, tulimpelekea salamu za bibi wiki nzima, na baba ndiye aliyezipeleka. Kwa hiyo kila nilipomwambia kaka yuko salama, alizidi kuamini amekufa.

"Maneno hayo mimi ndiye niliyewafundisha," alisema.

Nesi alirudi mara ya pili kuuliza. Tumbo la baba lilikuwa limekaza kama ngoma. Nikaacha kumfariji, nikaanza kumweleza.

Nilimuuliza kama kutoka kwetu Machame hadi Kibosho ni mbali. Akajibu kwa hasira kwamba ni ng'ambo ya korongo tu, ukiita unasikika. Nikamuuliza kama siku ya kwenda kumposa mama huko Kibosho yeye na wazee wake waliruka korongo. Akatikisa kichwa. Waliteremka na gari mpaka barabara ya lami, wakaifuata, wakapanda mlima upya. Walipofika, chakula kilikuwa kimepoa na wakwe wamenuna.

"Simu imekupimia juu ya korongo, baba," nikasema. "Hakuna ndege inayokuja moja kwa moja. Ameshuka Ulaya, akangoja nyingine. Atashuka Addis Ababa, atangoja tena, ndipo apande ya kuja huku. Akiwa angani simu yake haishiki. Siku ya kufika ni leo mchana, haikuwa jana."

Sikumwambia kwamba tangu Ulaya hata mimi sikuwa nimepata neno.

Akanigeukia. "Angekuwa amekufa, ungenieleza yote haya?"

"Ningekuletea salamu zake tu."

Akafumba macho. Nikadhani maumivu yamemzidi, kumbe anafikiri. Kisha akamwambia nesi haya, twende, na akaniagiza kaka akifika asije kukaa mlangoni na mabegi, aoge kwanza.

Kaka hakuoga. Alifika alasiri, macho mekundu, shati limekunjamana. Baba alikuwa ametoka salama, bado amelewa dawa ya usingizi. Alifungua jicho moja.

"Umezungukia wapi na wapi?" akauliza. Kaka akavuta kiti, akaanza kumtajia.