Baiskeli ya Kujaribu

Huseni, fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza, alikuwa na baiskeli kuukuu ya Kichina iliyomnyima raha. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimekausha petroli mjini, na kila mtu sasa alitaka pedeli. Je, aitie rimu na mnyororo mpya, au aiuze hivyo hivyo, kutu na yote? Asubuhi aliamua kuitengeneza, mchana akaamua kuiuza. Mkewe, Zubeda, alishachoka kumsikiliza.

Jumamosi alasiri akaja mnunuzi, Télesphore wa Carama, mtu mpole aliyetaka baiskeli ya kubebea makaa. Akaomba kuijaribu. Kwetu desturi inajulikana: anayejaribu baiskeli anamwachia mwenyewe kitambulisho, asije akaijaribu mpaka Kongo. Télesphore akaacha chake, akapanda, akapotelea konani. Watu wazima wawili, tena wenye akili zao, na hakuna aliyekumbuka kwamba mbele kuna kizuizi cha wanajeshi.

Haukupita muda, Assia muuza nyanya akaja anahema.

"Huseni, ule mutu wa velo bamemukamata ku bariyeri! Hana karangamuntu!"

Siku zile za vita mtu asiye na kitambulisho alihesabiwa mwasi, akapelekwa, na waliopelekwa hatukuwaona tena. Huseni alikimbia na kitambulisho mkononi, tepu ya kupimia bado shingoni. Aliogopa sana, na aliyekuwa akimwogopea hata jina lake alikuwa amelisoma kwenye kitambulisho tu.

Télesphore alikuwa amekalishwa chini, mikono kichwani. Mkubwa wa zamu alikisoma kitambulisho polepole, kisha akaitazama baiskeli polepole zaidi.

"Huyu ni mutu wako?"

"Ni wangu, shefu."

"Na velo?"

Huseni, aliyeshindwa kuamua mwezi mzima, hakumeza hata mate.

"Velo ni yenu, shefu."

Akaulizwa kama breki zinashika. Akajibu kwamba hazishiki vizuri. Hakuona sababu ya kuwadanganya watu wenye bunduki.

Télesphore akaachiwa, wakarudi wote wawili kwa miguu. Njiani Télesphore alisema jambo moja tu, kwamba kiti cha ile baiskeli kilikuwa kizuri. Jua lilikuwa linazama na njia ya Carama ilishafungwa, kwa hiyo Huseni akampeleka kwake.

"Velo iko wapi?" Zubeda akauliza. "Umeuzisha?"

"Apana. Nimebadirisha."

"Na nini?"

Huseni akamwonyesha Télesphore, aliyesimama mlangoni na vumbi magotini. Zubeda akamtazama mgeni toka juu mpaka chini, kisha akaenda kuongeza unga kwenye sufuria.