Mwaka wa Vyakula vya Maganda

Mwaka ule tulikula vyakula vya maganda. Ndizi mbivu, avoka, mayai ya kuchemsha, viazi vya kutoka Walungu vilivyopikwa na ngozi yao. Si kwamba unga ulikosekana. Unga ulikuwa, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa, hata samaki wadogo wa sambaza mara moja kwa juma. Lakini mujukuu wangu, mutoto wa kike wa miaka kumi, alikula tu kitu ambacho mutu hawezi kutia kitu ndani bila ganda kuonyesha. Aliogopa mukono wangu. Nami kila asubuhi nilienda soko kumununulia maganda.

Mama yake alikuwa mutoto wangu wa tatu. Mvua ilikuja mangaribi moja, mulima ukashuka juu ya nyumba yake, na kesho yake tukamutoa mu matope. Mutoto alipona kwa sababu siku ile nilikuwa nimemuita aje kwangu tuchambue maharagi. Ni maharagi ile ilileta maneno. Jirani yangu wa nyumba ya chini alisema pale robine, bomba la maji la avenyu, mbele ya wanawake wote na bido zao za maji: "Huyu koko alijuaje kumutoa mujukuu siku ile ile? Mumuulize." Hakuna aliyeniuliza. Walimuambia mutoto kwamba mimi ni muchawi, nilimuua mama yake.

Sikulia, na sikugombana. Nilifagia, nilipika, nilikunja nguo za marehemu nikaziweka mu sanduku. Watu walisema niko na moyo wa jiwe. Pengine. Nilikuwa sawa mukono ulioulalia: unauona, ni wako, lakini hausikii kitu.

Marehemu alikuwa mu komite ya wazazi ya shule. Direkta akaniomba nikae kwa kiti yake mpaka mwaka uishe. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, na Kifaransa nakisikia sawa redio ya jirani. Lakini jina langu naliandika vizuri kuliko daktari. Nilivaa kitenge kipya nikaenda.

Parokia moja ilikuwa imetupatia karto ya vitabu vya watoto. Havikuwa vya hadisi. Vilikuwa vya mambo ya kweli: wanyama, mimea, mwili wa mutu, nyota. Shule ina kabati moja tu, basi kila muzazi wa komite alipewa vitabu vinne akavichunguze nyumbani na mutoto wake, kisha arudi kusema ni vipi viingie kabati.

Hivyo mujukuu wangu akanisomea. Alikaa pa mulango, miguu nje, sawa mutu anayengoja kukimbia. Anasoma Kifaransa, anageuza Kiswahili. Na kwa kusoma, mutanisamehe, hakuna mutoto mu avenyu yetu anamufikia. Hata vile aliniogopa, sauti yake haikutetemeka.

Nilikuwa na namna yangu ya kupima. Nilianza na kitu ninachokijua.

"Fungua pale kwa muhogo. Inasema nini?"

"Inasema muhogo muchungu iko na sumu, Koko. Unaulowesha mu maji siku tatu."

"Kweli. Hicho kiingie."

Kile cha mwili wa mutu nacho kikapita. Kile cha wanyama kilisema mbuzi anakula kila kitu. "Yule muandishi hajawahi kuchunga," nikamuambia. "Mbuzi akishakanyaga majani yake mwenyewe, hayali tena. Anajivuna kupita mimi." Mutoto alitaka kucheka, akajizuia. Kitabu kikidanganya juu ya mbuzi, nani atakiamini juu ya nyota? Mutoto wa shule ya musingi mumupe kitabu anachoweza kutoka nacho nje akahakikishe kwa macho yake. Hilo ndilo shauri langu mpaka leo.

Cha nne kilikuwa cha udongo na mvua. Kulikuwa picha ya mulima wenye miti imekatwa, nyumba juu yake, na mishale ya buluu ikionyesha maji yanavyoingia chini. Alikisoma kimya. Nikamuambia asome kwa sauti.

"Inasema mulima ikikosa miti, maji inaingia mu udongo, udongo inakuwa nzito, inateleza. Inasema mutu anaweza jaribu mu beseni."

"Basi jaribu."

Alichukua beseni yangu ya kufulia, akarundika udongo, akapanda nyasi upande mumoja, upande wa pili akauacha wazi. Kila upande akaweka kisanduku cha kiberiti juu. Akamwaga maji polepole kwa kopo lenye matundu. Upande wa nyasi ulibaki. Ule wa wazi ulikaa, ukakaa, kisha ukashuka mara moja pamoja na kiberiti. Akarudia mara tatu. Niliangalia zote tatu.

"Koko," akasema bila kuniangalia, "kwetu hapakuwa miti."

"Tuliikata tuchome makala ya kupikia. Wote. Hata mimi."

Wakati wa kula alinawa, akaja akakaa karibu yangu, akakata bugali, akachovya mu sombe niliyoipika, akameza. Kisha akakata tena. Yai lake nilikula mimi.

Siku ya mukutano nilisema kitabu cha udongo ndicho kiingie cha kwanza. Yule jirani wa nyumba ya chini naye alikuwa mu komite. Akaruka.

"Mutoto yangu aliisoma kwa mujukuu yako, sasa anakataa kulala mu nyumba! Anasema mulima itatuangukia! Ile ni kitabu ya namna gani?"

Nyumba yake iko pale pale, chini ya mulima.

"Maman," direkta akaniambia kwa sauti ya misa, "hiki tukirudishe parokia. Ila kwa sheria yetu, kila mumoja aweke mukono kwa karatasi. Mukono mumoja ukikosa, kitabu kinabaki."

Karatasi ikazunguka, ikafika mbele yangu na biki ya kuandikia juu yake. Wote walikuwa wameandika.

"Koko, kusoma yenyewe hujui," jirani akacheka. "Kitabu ya Kifaransa inakuhusu nini?"

Ningeweza kumukumbusha yale ya pale robine. Ningeweza kuwaambia juu ya maganda. Nilijua kitu kimoja: kikirudishwa, mujukuu wangu atasikia kwamba shule yenyewe imekikataa, na kesho ataniomba yai.

Nikasukuma biki.

"Mi sitaweka mukono."

Direkta akatoa miwani. Akaeleza yote tena toka mwanzo, polepole, sawa anaongea na kiziwi, na akaniwekea biki mu vidole. Nikangoja amalize. Nikairudisha juu ya meza.

"Mi sitaweka mukono."